Jinsi Mwanakombo Alivyoinuka

Siti Shamte alijua dada yake anaumwa siku alipomwaga chai mkekani na dada yake asimgombeze.

Ilikuwa mwezi wa nane, msimu wa mbaazi. Siti alikuwa ametoka kwake Chiwata na kiroba cha mbaazi mpya na kuku aliyefungwa miguu, kwenda Masasi mjini kumjulia hali dada yake mkubwa, Mwanakombo, aliyekuwa akiishi kwa mwanawe Muharami. Walikaa barazani. Siti akageuka kupokea sahani ya mihogo, kiwiko kikagonga kikombe, na chai ikatiririka juu ya mkeka mpya. Akajikunyata kungoja maneno. Tangu utotoni hakuwahi kumwaga, kuvunja wala kuunguza kitu mbele ya Mwanakombo bila kusomewa risala nzima.

Mwanakombo aliitazama chai ikisambaa. Kisha akatazama ukuta.

"Dada, nimemwaga chai," Siti akasema.

"Naona."

Ikaishia hapo. Faudhia, mke wa Muharami, alikuja na kitambaa akapangusa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mbaazi. Lakini Siti hakusikia tena chochote.

Ili mtu aelewe kwa nini neno hilo moja lilimtisha hivyo, inabidi amjue Mwanakombo wa Newala. Mumewe, Abdulatifu, alifariki Muharami akiwa bado shule ya msingi. Ndugu wa mume walikuja na ushauri mwingi, na Mwanakombo akawapikia, akawasikiliza, akawasindikiza mpaka njiani, kisha akarudi kufanya alivyotaka mwenyewe. Alianza na beseni moja la dagaa sokoni. Miaka ikapita, akawa ndiye anayeagiza magunia ya samaki wakavu kutoka Mtwara, na wachuuzi wadogo wakawa wanapanga foleni kwake. Sauti yake ilisikika mpaka stendi. Mteja aliyebonyezabonyeza samaki bila nia ya kununua aliulizwa kama amekuja kumkanda au kumla.

Na Newala, kama kila mtu wa huko ajuavyo, maji ni kazi. Miaka mingi Mwanakombo alishuka bondeni na ndoo kama wanawake wenzake na kuupanda tena mteremko ule, shingo imekaza, kabla ya kwenda sokoni. Siku moja akasema imetosha. Akaita mafundi, akachimbisha kisima cha kuvunia maji ya mvua, akakisakafia, akaweka gata za kukinga maji kwenye bati lote la nyumba. Fundi mmoja alipomwambia angoje shauri la mwanamume wa nyumba hiyo, alimjibu kwamba mwanamume wa nyumba hiyo yuko darasa la saba na siku hiyo ana mtihani. Kiangazi kilipokuwa kikali, mwanamke yeyote wa mtaa ule aliyejifungua alichota bure kwenye kisima kile mpaka atoke ndani, arobaini ikiisha.

Huyo ndiye aliyetazama ukuta.

Mambo yalianza na kuanguka. Miaka miwili kabla ya siku ile ya chai aliteleza kwenye ngazi za kisima, akavunjika mkono. Muharami, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi Masasi, alikuja siku ileile akamchukua. Mkono ulifungwa plasta, ukaunga vizuri. Lakini Muharami hakumrudisha mama yake Newala. Aliona mama amefanya kazi ya kutosha, na sasa ni zamu yake kula na kulala. Nyumba akampangisha mwalimu mmoja mgeni. Meza ya sokoni ikachukuliwa na mtu mwingine. Faudhia naye, binti mwenye moyo safi, kila alipomkuta mkwewe ameshika ufagio alimnyang'anya kwa heshima. "Mama, pumzika." Akishika kisu cha kumenyea mihogo: "Mama, pumzika." Maji yalitoka bombani. Watoto wakubwa walikuwa shule. Hakuna aliyemfanyia ubaya wowote, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeona kinachotokea.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Muharami alisema ni uzee. Jirani mmoja alisema kuna mkono wa mtu, labda wale waliomwonea wivu sokoni. Faudhia alimvuta Siti jikoni jioni ile, akamwambia kwa sauti ya chini:

"Mama mdogo, mimi naogopa akili yake inaondoka. Anasahau. Juzi alitia chumvi kwenye chai. Nikimuuliza kitu, jibu lake ni sijui."

"Anakula?"

"Vijiko viwili. Na analalamika. Leo kichwa kinawaka moto, kesho mgongo, kesho kutwa tumbo limejaa. Zahanati walimpima, wakampa vidonge vya maumivu. Halafu tukamnunulia vya usingizi duka la dawa, kwa sababu halali."

Siti alilala chumba kimoja na dada yake. Alfajiri, adhana ilipolia, alifumbua macho akamkuta Mwanakombo amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa, mikono mapajani, kama abiria anayesubiri basi asilolijua.

"Umeamka mapema, dada. Twende tukatawadhe."

Mwanakombo hakuinuka. "Nenda wewe," alisema. "Mimi nitamwambia nini Mungu?"

Siti aliswali peke yake, na aliponyanyuka kwenye mswala alikuwa ameshakata shauri. Muharami alipokuwa akinywa chai kabla ya kwenda dukani, alimwambia wazi.

"Kesho nampeleka mama yako Ndanda."

"Mama mdogo, ameshapimwa. Presha iko sawa, sukari hana."

"Basi wamepima visivyo na tatizo. Acha nimpeleke wakapime chenye tatizo."

Muharami hakuwa mtu wa kubishana na mama yake mdogo. Alitoa nauli na ya ziada, akawasindikiza mpaka kwenye basi.

Hospitali ya misheni Ndanda Siti aliizoea. Huko ndiko alikojifungulia mtoto wake wa kwanza, na huko ndiko walikompeleka mama yao katika siku zake za mwisho. Alitegemea mashine na picha. Badala yake waliingizwa kwenye chumba kidogo chenye dirisha linalotazama mlima, na ndani yake alikuwamo tabibu mmoja, mwanamke wa makamo aitwaye Yasinta, ambaye alinyanyuka walipoingia.

"Shikamooni, wazazi wangu."

"Marahaba, mwanangu," alijibu Siti. Midomo ya Mwanakombo ilicheza tu.

Jambo la kwanza Yasinta aliloomba ni kuona dawa zote. Siti akafungua mfuko wa nailoni, akamimina mezani vidonge vya kila rangi. Yasinta alivichambua kwa kidole, akavitenga vile vya usingizi upande wake.

"Hivi vinamfanya mtu mzima ayumbe na asahau," alisema. "Hatutaviacha ghafla, tutavipunguza kidogo kidogo. Na kuanzia leo dawa zote zitakaa kwako, mama, si kwa mgonjwa."

Kisha akageuza kiti kumwelekea Mwanakombo.

"Leo siku gani, mama?"

"Sijui."

"Mwezi huu?"

"Sijui."

"Mjukuu wako mkubwa anaitwa nani?"

"Sijui, mwanangu. Niache."

Siti alitazama kalamu ya Yasinta. Lakini Yasinta hakuandika kitu. Aliacha Kiswahili akaingia Kimakonde, polepole, kama mtu anayezungumza na mama yake jikoni, akamuuliza zamani alikuwa akifanya kazi gani. Mwanakombo akasema aliuza samaki. Yasinta akamuuliza mtu atajuaje kama samaki mkavu amekaushwa vizuri au ameharakishwa. Halafu, kwa sauti ya chini, bila kumtazama mtu, Mwanakombo akaanza kueleza: kwamba unamshika nyuma ya kichwa, pale nyama ni nene, kwamba harufu ya moshi si sawa na harufu ya jua, kwamba waliotoka upande fulani wa pwani hutiwa chumvi mno ili kuficha ubovu. Akawataja wachuuzi wawili kwa majina. Kisha akachoka, akanyamaza.

"Kumbukumbu anayo," Yasinta alimwambia Siti. "Mara nyingi aliyepoteza kumbukumbu hujaribu kujibu. Hubahatisha, hucheka, huficha. Mama yetu hajaribu. Anasema sijui kabla sijamaliza kuuliza."

Akaendelea na maswali. Unalala? Unaamka saa ngapi? Chakula kina ladha? Akauliza siku hizi kuna kitu gani kinachomfurahisha.

"Hakuna."

"Wajukuu?"

"Nawaona," alisema Mwanakombo. "Wanacheza. Ni kama nawatazama kupitia karatasi ya nailoni."

"Mama, nisamehe kwa swali hili, namuuliza kila mtu mwenye hali kama yako. Umewahi kuona afadhali usingekuwepo?"

"Kila nikilala namwomba Mungu nisiamke."

"Na kujiondoa mwenyewe, umewahi kufikiria?"

"Hapana." Alifikiri kidogo. "Nangoja tu."

Siti alishika pindo la kanga akaziba nalo mdomo. Walikuwa wamelala chumba kimoja usiku mzima, na dada yake alikuwa akingoja.

Walimtoa damu, wakapima na tezi ya shingoni, kwa sababu Yasinta alisema yako magonjwa ya mwili yanayojifanya hivihivi, na hapendi kubahatisha. Damu ilikuwa imepungua kidogo, mengine yalikuwa sawa. Alasiri akawaita tena.

"Ugonjwa wako unaitwa sonona, mama."

Kwa mara ya kwanza siku ile Mwanakombo aliinua uso. "Mimi si mwendawazimu."

"Sijasema hivyo. Mkono wako ulipovunjika ulifungwa plasta. Ulimwonea mtu aibu?"

"Mkono unaonekana."

"Ni kweli. Huu hauonekani, ndiyo maana watu wa umri wako wanauzungushazungusha mwilini. Wanakuja na kichwa, wanakuja na mgongo, na sisi tunawapa dawa ya mgongo. Uzee peke yake haumnyang'anyi mtu hamu ya kula wala hamu ya wajukuu wake. Ukiona amenyang'anywa, kuna ugonjwa. Na huu una dawa."

Akawaeleza. Dawa itaanza na kipimo kidogo na kupanda taratibu, kwa sababu mwili wa mtu mzima hauharakishwi. Siku za mwanzo tumbo litachafuka. Nafuu haitaonekana kesho wala wiki ijayo, wasikate tamaa. Na hata nafuu ikija, dawa isiachwe mpaka yeye aseme. Mwishoni akamgeukia Siti.

"Anakaaje nyumbani? Anafanya nini mchana kutwa?"

"Anapumzika."

"Basi asipumzishwe tena. Huko kupumzika ndiko kumemchosha. Atembee, aguse kazi hata ndogo, akae na watu."

Siti hakurudi naye Masasi. Alimpandisha moja kwa moja Chiwata, kwenye nyumba yake ya matofali yenye mikorosho mpaka mlangoni, na ndipo alipompigia Muharami simu.

"Mama mdogo, watu watasema nimeshindwa kumtunza mama."

"Umemtunza, baba. Hakuna anayekudai. Ila umemtunza kama yai, na mama yako si yai."

Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, na Siti hakuwa malaika. Kila asubuhi alimwinua dada yake watembee mpaka mwisho wa kiwanja na kurudi. Siku nyingine Mwanakombo alikataa, akajifunika kanga kichwani. Dawa ilimchafua tumbo, akasema anawekewa sumu. Kuna asubuhi Siti alichoka, akasema kwa hasira, "Basi lala, nani anakulazimisha kuishi," na papo hapo akatamani aume ulimi wake. Alitoka nje akakaa nyuma ya jiko. Baada ya muda alisikia miguu inaburuta. Mwanakombo alikuwa ametoka mwenyewe, anatembea kuelekea mwisho wa kiwanja, peke yake, mkono mmoja umeshika ukuta. Siti hakumfuata. Alimwangalia tu, na machozi yakamtoka, na moyoni akasema, huyu ndiye aliyepanda mteremko wa Newala na ndoo kichwani, na huu nao ni mteremko.

Msimu wa korosho ukaingia. Mabibo yalianguka usiku kucha na uwanja wote ukanukia. Siti alimpa dada yake ungo, akamwomba atenganishe korosho na mabibo akiwa amekaa. Siku za kwanza alijaza nusu ungo. Baadaye ungo. Akaanza kulala mpaka alfajiri. Akaanza kumaliza ugali, akaomba aongezewe mboga ya majani ya kunde, na Siti akajifanya haoni lolote la ajabu. Halafu asubuhi moja, Siti akiwa ameinama anaanika korosho juani, akasikia nyuma yake:

"Siti. Hizo korosho unazianika au unamwaga takataka? Chini mbichi, juu mbichi, katikati zitaoza. Nani alikufundisha?"

"Wewe, dada."

"Sikukufundisha hivyo mimi. Lete hapa."

Siti alimpisha. Alikwenda jikoni akajifungia, akacheka mpaka mbavu zikamuuma, kisha akampigia Faudhia simu kumwambia kwamba amegombezwa.

Hapo ndipo walipokosea. Muharami na mkewe walikuja Ijumaa iliyofuata, wakamkuta mama anachambua korosho na kumsimanga kila apitaye. Muharami alifurahi kupita kiasi. Akasema sasa mama amepona, dawa za kichwa zikiendelea zitamzoesha, bora aziache. Siti alikumbuka maneno ya Yasinta, lakini aliona haya kumpinga mtoto wa mwenyewe mbele ya furaha yake. Mwanakombo naye, ambaye hakuwahi kupenda kuonekana mgonjwa, akavichukua vidonge kwa Siti, akavifunga kwenye kitambaa, akaviweka juu ya kabati.

Mvua zilipokolea mwezi wa kwanza, akarudi kuutazama ukuta.

Safari hii Siti hakungoja mwezi wala kusikiliza maelezo ya mtu. Walishuka Ndanda mvua ikinyesha, na Muharami alikuwa amefika kabla yao kutoka Masasi, viatu vimejaa tope. Yasinta hakumkaripia mtu. Alieleza tena, kwa maneno mepesi zaidi, kwamba dawa hii haimzoeshi mtu kama pombe, kwamba nafuu si kupona, na kwamba mtu aliyepata nafuu anatakiwa kuendelea miezi mingi, kama vile ukuta mpya usivyoondolewa mihimili siku ulipoanza kukauka. Muharami, muuza saruji, alielewa mfano huo mara moja. Akashika kichwa.

"Dokta, mimi nifanye nini? Niambie chochote, nitafanya."

"Usiniulize mimi," alisema Yasinta. "Umewahi kumuuliza yeye?"

Walipotoka, Muharami alimkalisha mama yake kwenye benchi la varanda, akapiga magoti mbele yake kama alivyokuwa akifanya utotoni akiomba ruhusa.

"Mama, unataka nini?"

Mwanakombo alivitazama viatu vya mwanawe vilivyojaa tope. Kisha akasema:

"Nataka ufunguo wa nyumba yangu."

"Mama, kule peke yako—"

"Sikusema peke yangu. Nimesema yangu."

Siti, aliyesimama pembeni ameshika mwavuli, aliona uso wa Muharami ukibadilika. Yule mtoto aliyelelewa na mama asiyeomba ruhusa ya mtu alikuwa ametambua, kwa mara ya kwanza, kwamba alimfanyia mama yake kilekile ndugu wa baba walichotaka kumfanyia. Hakujitetea. Alisema, "Nimekuelewa, mama," akanyanyuka akaenda kufuata dawa dirishani mwenyewe.

Ilichukua muda. Dawa ilirudishwa, ikapandishwa kidogo, na Chiwata wakaendelea na ungo na matembezi ya mpaka mwisho wa kiwanja. Mvua zilipokatika na upepo wa baridi kuanza, Mwanakombo alirudi Newala. Mwalimu mpangaji, binti wa Kisukuma aitwaye Happiness, hakufukuzwa. Alihamia vyumba vya uani, na akafurahi kupata mtu wa kula naye. Muharami alikuja na vyuma na saruji yake mwenyewe, akashinda siku mbili kwenye ngazi za kisima akijenga mkingo wa kushikia, na hakumruhusu fundi yeyote kumsaidia.

Siti alimsindikiza dada yake siku ya kwanza sokoni. Mwanakombo hakurudi kwenye magunia. Alikuwa na beseni moja la samaki na kigoda. Alivaa kanga mpya, akatembea taratibu, na wanawake wakaacha mizani zao wakaja kumshika mikono.

"Mama Muharami. Tulisikia umerogwa."

Siti alishtuka. Njia nzima alikuwa akiwaza watasema nini, na alikuwa ameandaa jibu la presha. Presha haina aibu, kila mtu anayo. Alifungua mdomo, lakini Mwanakombo alimtangulia, na sauti ilikuwa ileile ya kufika stendi.

"Sikurogwa. Niliugua sonona. Ni ugonjwa. Sikulala, sikula, sikumtaka hata Mungu. Nikapelekwa Ndanda, nikapewa dawa, na mpaka leo nameza. Mnaotaka kusema, semeni hivyo, msiongeze chumvi."

Siti aliwatazama wale wanawake, akangoja kicheko au mnong'ono. Haukuja. Mmoja alisema, "Pole, mama." Mwingine akauliza samaki ni wa lini. Na Siti, aliyekuwa ameficha ugonjwa ule kwa majirani wa Chiwata karibu mwaka mzima, alisimama karibu na kigoda cha dada yake, kidevu juu, kama ameshika bendera.

Kabla jua halijawa kali, muuza vyungu aitwaye Hamida alikuja, akachuchumaa kando ya beseni, akajifanya anachagua samaki.

"Hayo uliyosema," alianza. "Kaka yangu Nurdini, yule fundi cherehani. Tangu kifo cha mkewe hatoki. Cherehani imefunikwa. Tunasema uzee."

Mwanakombo alifunika beseni kwa kitambaa, akasimama. "Yuko nyumbani sasa hivi?"

Walikwenda watatu. Nurdini alikuwa chumbani, dirisha limefungwa, ndevu zimeota ovyo. Mwanakombo alifungua dirisha bila kuomba, akavuta kigoda, akakaa.

"Nurdini, unalala?"

"Ah, dada, uzee huu."

"Sijakuuliza uzee. Nimekuuliza usingizi."

Nurdini alimtazama. Akatazama mikono yake. Kisha akasema yote, na Mwanakombo hakumkatiza hata mara moja, yeye ambaye maisha yake yote alikata maneno ya watu kama samaki. Alipomaliza, Mwanakombo akamwambia kwamba Jumatatu wanakwenda kwa Yasinta, kwamba yeye naye ana tarehe ya kurudi huko, na kwamba anyoe hizo ndevu kwa sababu hatembei na mtu anayefanana na kichaka.

Siku zote si nzuri. Siti anajua hilo, kwa sababu wanapigiana simu kila jioni, na kuna jioni Mwanakombo husema tu, "Leo moyo mzito." Siku hizi hasemi kichwa wala mgongo. Anasema moyo. Kisha huongeza kwamba alikwenda sokoni hivyohivyo, akakaa, na kufikia alasiri uzito ukawa umepungua. Yasinta ameanza kumpunguzia dawa, taratibu, kama alivyoahidi. Nurdini amefunua cherehani. Ameshona sare chache za shule, na vifungo viwili vilikaa vibaya, na ameambiwa.

Mara ya mwisho Siti alipotoka kumtembelea, alikaa kwenye benchi la stendi ya Newala akisubiri gari la Masasi, mfuko wa samaki miguuni. Mwanamke asiyemjua, mwenye mtoto mchanga kifuani, alimwangalia usoni, akamwangalia tena.

"Samahani, mama, shikamoo. Wewe ni nani wa Mama Muharami?"

"Marahaba," alisema Siti. Akajiweka sawa, akavuta kanga begani, na akajibu kwa sauti ambayo hakujua kama anayo, mpaka kondakta wa gari la mbele akageuka. "Mimi ni mdogo wake. Tumezaliwa tumbo moja."